Mteja Mwenye Sura Yangu

Sogeeni, wanangu. Na wewe mkubwa, acha kujifuta macho, sijafa bado. Cherehani isiuzwe. Ni ya huyu mjukuu wangu, binti wa kitinda mimba, na nyumba mtakaa wote, mpende msipende, ili asikose mtu wa kumtazama.

Jana mchana nilimsikia kwenye chumba cha kushonea akisema, "Simama wima nikupime." Hakukuwa na mtu. Nyie mlicheka. Mimi sikucheka, maana mteja huyo namjua.

Alinijia mwaka ule niliolala miezi mitatu nikiutazama ukuta, hata kujigeuza kazi. Siku moja nikaamka mwepesi, nikamkuta kakaa kitini, sura yangu, gauni langu. "Fundi, nipime." Nikampima kiuno, na kila nikirudia, futi haifiki. Nikashona magauni arobaini, silali, sili, nacheka peke yangu. Wewe mkubwa ukatangazia mtaa kwamba mama amepona, ukatupa vidonge vyangu. Hapo ndipo mlipokosea. Nilipolia mliita daktari. Nilipocheka mkaniletea vitambaa zaidi. Magauni yote yale hayakuwa na tundu la kichwa, na hakuna aliyeangalia! Nilipoanza kumkata mteja nywele kwa mkasi, kumbe nazikata zangu pamoja na ngozi ya kichwa, ukanifungia stoo. Nimekusamehe, ila rangi ya ule mlango naijua mpaka leo.

Vidonge ndivyo vilivyonirudisha, na yule nesi mkali wa kunipima damu. Miaka ishirini sasa. Mteja bado hupita, huchungulia mlangoni. Simpimi.

Kwa hiyo sikilizeni, pumzi inaniishia. Mtoto huyu akilia, kaeni naye. Akichangamka kupita kiasi, usingizi ukamkimbia, msimpigie makofi, mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo. Stoo, marufuku. Na anayemwita kichaa asije kwenye maziko yangu.

Wewe sasa, mjukuu wangu, mke mwenzangu, njoo. Karibu zaidi, sikuoni vizuri. Vidonge alivyokupa daktari wiki iliyopita unavificha chini ya ulimi. Mimi ndiye niliyeanzisha ujanja huo. Chukua maji. Mungu akupe... akupe usingizi, mwanangu, na mikono iliyotulia, na watu wa kukuvumilia. Meza.

Fungua mdomo.

Inua ulimi, nione.