Kitheka Nzau, Fundi wa Friji Aliyekuwa na Sayari Yake

Marehemu Kitheka Nzau alizaliwa Kanyangi tarehe 9 Aprili 1966, kifungua mimba wa hayati Nzau na hayati Ndululu. Mimi ninayesoma ni Muthama, mdogo wake. Tulizaliwa wawili tu.

Alisoma shule ya msingi pale kijijini, na jiografia aliipenda kuliko chakula. Njaa ya 1984 ilimkuta kidato cha tatu. Aliacha shule na hakurudi.

Mwaka 1988 alienda Emali kujifunza ufundi wa friji, kisha akafungua kibanda chake. Akichokoa barafu kwenye friza mbovu ndipo alipobuni Mbevo, yaani baridi kwa Kikamba chetu: sayari iliyoganda yote, yenye jua dogo la mbali. Wakazi wake walikuwa viumbe wafupi wenye manyoya, wasiojua moto. Walikula ukoga uliomea chini ya barafu na kukaa wamebanana duara, wakipokezana upande wa upepo. Mwenye hoteli mmoja alikuja kuulizia friza yake, akasikiliza habari za Mbevo hadi maziwa aliyotumwa na mkewe yakachacha mkononi.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Kaveke, binti Mulinge, kanisani Migwani. Walikaa miaka minane kabla ya kumpata Mutindi, mtoto wao wa pekee. Mwaka 2022 figo za Mutindi zilishindwa. Mara mbili kwa wiki, mtoto akisafishwa damu hospitalini, babake alikaa kando ya kitanda akimsimulia Mbevo. Viumbe walianza arobaini. Baridi iliwapunguza, na Mutindi alihesabu.

“Dad, usiwamalize bana.”

“Siwamalizi. Hawa wamebaki watavuka hii baridi.”

Mutindi alituacha tarehe 17 Agosti 2023, viumbe wakiwa sita. Tangu hapo marehemu hakutaja Mbevo tena, na friza za watu zilikaa kibandani bila kuguswa.

Saratani ya tumbo ilionekana Machi 2025. Tuliomba sana, na haikusaidia. Wiki ya mwisho Kaveke alimuuliza, nami nikiwa papo hapo:

“Baba Mutindi, wale sita walivuka?”

“Kulibaki mmoja. Na mmoja hana wa kumkinga upepo.”

“Si uliahidi mtoto?”

“Niliahidi mtoto vitu mingi, Mama Mutindi.”

Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, saa tatu asubuhi.

Shemeji aliniomba niandike hapa kwamba wale sita walivuka, ili ahadi itimie hata kama ni kwa karatasi. Nilikaa na kalamu siku mbili. Wasifu huwa tunapamba, kila mtu anajua. Lakini marehemu hakusema hivyo, na siwezi kumsemea uongo akiwa amelala hapa mbele yangu. Nisamehe, Mama Mutindi.

Ameacha mjane, Kaveke, na ndugu mmoja. Mtoto hakuna, mjukuu hakuna. Mungu ampe pumziko, maana hapa kwetu hakulipata.