Kinyonga wa Mpangaji

Kwenye Noah ya kwenda Mzenga nilikaa na dada mmoja na kijana mfuga kobe. Wote walitoka kufuata vibali vya wanyamapori, na walikuwa wakibishana kuhusu afisa kuja kukagua wanyama nyumbani.

"Kaka, wewe unauza, jina lako likijulikana unapata wateja," dada alisema. "Mimi nimenunua kinyonga, na nimepanga chumba. Afisa akija kukagua ataanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi, na mjumbe atamleta huku anawaeleza watu njiani. Mama mwenye nyumba ataniita mchawi, vyombo vyangu vitalala nje."

"Sasa dada, serikali isijue kinyonga yuko wapi?"

"Ijue! Mjumbe ndiye asijue."

Hapo nilimuelewa. Mjumbe wetu hata ukibandika maharage anajua.

Simu ya dada ikaita. "Ndiyo afisa, Evaline naongea. Utakuja mwenyewe? Bila mjumbe? Na nguo za kawaida? Mungu akubariki, baba!" Akaegemea kiti, akacheka mpaka machozi, nasi tukacheka naye.

"Usishangilie," mfuga kobe akamwambia. "Wenzake wakipiga soga ofisini je?"

"Hao nitagombana nao siku hiyo. Leo nalala ndani."

Kijana alikuwa bado anajibu gari liliposimama. Mimi kinyonga namwogopa kuliko nyoka, tena nakaa huku huku Mzenga. Mdomo uliniwasha nimuulize dada amepanga nyumba ipi. Nikamwambia tu, "Shuka taratibu, mjukuu wangu."