Tembo wa Ukurasa wa Mwisho

Saa kumi na moja na nusu jioni, treni ilipoondoka, fundi bomba aliyekaa mbele yangu alimfungulia jirani yake wa kiti, mwalimu wa chekechea, ukurasa wa mwisho wa kitabu cha picha kisicho na neno hata moja.

"Dada, hebu niamulie. Huyu tembo anaingia nyumbani au anatoka?"

Tembo alikuwa mlangoni na begi, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Kwani mtoto anasemaje?"

"Mimi kazi yangu iko mbali, narudi mara moja kwa mwezi. Nikimsomea mimi, tembo anarudi. Akisomewa na mama yake, tembo anaondoka. Sasa binti yangu ananiambia, baba, wewe hujui kusoma, mwachie mama. Bora ninunue chenye maneno, ubishi uishe."

"Hivi visivyo na maneno ndivyo vizuri, kaka. Mtoto anatunga mwenyewe."

"Ameshatunga. Nimeondoka."

Mwalimu alicheka, kisha akaacha. Aligeuza kitabu juu chini, jambo ambalo kwa nilivyoona halikusaidia. "Taa ya ndani inawaka. Labda anarudi."

"Labda?"

"Au wamemwashia avae viatu."

"Mwalimu mzima, na wewe hujui!" Fundi alijifuta uso. "Safari iliyopita nilikichukua nyumbani, nimekaa nacho kambini kazini mwezi mzima nikijizoeza. Usiku huu atanipandia mapajani. Nikifika hapa, nimwambie nini?"

Treni ilisimama. Kilikuwa kituo cha mwalimu. Alitazama picha mara moja tena, akamrudishia kitabu, akashuka.