Asilimia Thelathini ya Mvua

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Utabiri wa Hali ya Hewa; viongozi mlioongozana naye; na nyinyi majirani mnaouvumilia moshi wetu:

KARIBU KWETU

Sisi wafyatua matofali tumeufurahia ujio wako hadi tumeoga mapema. Tunaomba radhi kwa kukukalisha mahali pasipo kivuli. Turubai tunalo, tena kubwa, lakini leo lina kazi nyingine, na sababu utaisikia mbele.

TULIKOTOKA

Tulianza na kalibu moja ya kuazima. Leo nusu ya kuta za mtaa huu zimetoka mikononi mwetu, ingawa wengi wetu bado tumepanga. Ndiyo maana tuna desturi yetu: kila msimu, tanuri moja zima la matofali linakuwa la mwanachama mmoja, naye ajenge kwake. Msimu huu ni zamu ya Mama Pacha, anayelala chumba kimoja na mama mkwe wake na wanawe pacha, ambao sasa miguu yao inamfikia bibi yao mbavuni.

MAFANIKIO

Programu yenu ya simu tuliipokea kwa mikono miwili. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope, na zamani kila wingu lilitukimbiza na turubai, mara nyingi bure. Sasa tunajua siku ya kufyatua na siku ya kupumzika. Hata upepo inatuonyesha. Tunawasha tanuri moshi ukielekea makaburini, ambako hakuna wa kulalamika, na majirani hawaanui tena nguo huku wakitutukana.

CHANGAMOTO

Programu inatupa anga moja na mji mzima. Sokoni inanyesha, huku bondeni tunakula vumbi. Simu ya mwenyekiti ikisema jua, ya mkewe inasema mvua, na wote wawili wameamka kitanda kimoja. Tena inakula bando.

Lakini kubwa ni hili. Matofali ya Mama Pacha yalikuwa yameanikwa, safu kumi, simu ikasema uwezekano wa mvua ni asilimia thelathini. Tukakaa kikao. Kufunika yote hatukutaka, maana tofali lililofunikwa halikauki. Mweka hazina wetu, tunayemwita Hesabu, akapiga hesabu: asilimia thelathini ya safu kumi ni safu tatu. Tukafunika safu tatu, vizuri kabisa, zilizobaki tukaliachia jua.

Mama Pacha peke yake ndiye aliyeuliza, "Sasa mvua itajuaje ni zipi?"

Tukacheka. Tukamwambia aache wasiwasi, wataalamu wameshapima.

Alasiri ilinyesha, na safu saba zikarudi kuwa tope. Mama Pacha hakulia wala hakumlaumu mtu. Alipandisha khanga, akaanza kulikanyaga lile tope ili lifyatuliwe upya, nasi tukavua viatu tukaingia naye. Tuliona aibu sana. Safu zote saba tumezirudia, lakini mvua kubwa zimekaribia. Zikiloa tena, itabidi angoje zamu izunguke kikundi kizima, na wale pacha hawatasubiri kurefuka.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatukukuita tukulaumu. Tunataka kujua tu. Hiyo thelathini ni ya nini? Ni ya mahali, ni ya saa, au ni ya mashaka yenu wenyewe? Kama ni mashaka, semeni tu kwamba mna mashaka, sisi hatutawacheka.

Pia tunaomba kipimo cha mvua hapa bondeni, ili na anga letu lihesabiwe. Mama Pacha amejitolea kukisoma kila asubuhi, maana tangu siku ile haoni simu ya mtu bila kuuliza inasemaje. Na utabiri usomwe kwa sauti, kwa kuwa mikono yenye tope haigusi kioo.

MWISHO

Leo asubuhi simu imesema tena asilimia thelathini. Wapo waliotaka turubai likae juu ya kiti chako, kama heshima inavyodai. Hesabu alilibeba begani, akalipeleka kwa matofali ya Mama Pacha, na safari hii limefunika safu zote kumi.

Tunakuombea afya na safari njema, na mvua, kama ipo, ikusubiri ufike kwako. Ikikuwahi, mwavuli uko kwa katibu.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafyatua Matofali cha Udongo Mmoja