Mahali pa Lakka

Kaeni, wanangu, na wewe Taisto usisimame mlangoni kama mgeni. Pumzi yangu ni fupi na nina neno la kuwaachia.

Nyumba hii, sauna ya mtoni tunamoogea mvuke na msitu wenye beri nyeusi na nyekundu, gawana na dada yako Raili bila kelele, maana beri hizo huota kila mahali, na jirani akichuma hakuna anayeumia. Lililobaki ni la lakka, beri za kinamasi.

Baba yenu Aarne, tuliyemzika theluji ikianza kuyeyuka, alikuwa mcha Mungu, lakini kila kiangazi alificha ndoo mkobani, akatupia nyavu begani kama anayekwenda kuvua, na Veikko jirani akimwuliza, “Aarne, lakka zimeiva?” alimjibu, “Labda za kupaka kidole, ndugu yangu.” Huo ndio uongo pekee niliousikia kinywani mwake, na kila vuli aliuungama mbele ya waumini, nao wakicheka kwa kuwa kila mmoja alikuwa na uongo kama huo. Sheria yetu humruhusu kila mtu kuchuma popote. Kinamasi hakina ulinzi ila mdomo uliofungwa. Ndiyo maana mahali pa lakka huambiwa mtu mmoja, wakati wa kufa. Aarne alikuambia wewe, Taisto, amekushika mkono, nami nilitoka nje nisisikie.

Wewe ukapawekea alama kwenye ramani ya simu, ukawatumia wenzako wa kuwinda. Wakaja kabla ya wakati, wakazing'oa zikiwa nyekundu na ngumu, hazijageuka rangi ya asali. Nilikwenda na fimbo yangu, nikifuata nyayo zao, nipate bakuli moja la kumkumbuka baba yenu. Nikakuta vikonyo vitupu na makopo ya bia. Nilipokuuliza, ulisema, “Mama, ni beri tu.” Beri tu, na kaburi la baba yako halijaota nyasi.

Raili ndiye aliyelia. Akasema, “Mama, huyu kaka hawezi kufunga zipu ya koti lake, seuze mdomo.” Nilicheka, kisha nikaenda kulala jua likiwa bado juu.

Nipeni maji. Taratibu.

Kuna mahali pengine. Mama yangu alinipa mimi, na Aarne mwenyewe, mume wangu niliyempenda, hakupajua. Alikula jamu ya huko maisha yake yote wala hakuuliza. Hivyo ndivyo watu wanavyoheshimiana.

Taisto, piga magoti. Kwa jina la Yesu na damu yake, dhambi zako zimesamehewa, na hii pia. Amini, uwe na amani. Sina kinyongo nawe. Bwana awalinde nyote wawili, na moto usizimike katika jiko hili.

Sasa inuka, mwanangu. Toka nje. Ufunge mlango.

Raili... njoo. Karibu zaidi. Weka sikio hapa.