Mama Yenyewe na Mtu Aliyegeuka Pichani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Aliye jikoni aendelee na lake, aliye kazini apunguze sauti kidogo mkubwa wake asisikie, ila sikio libaki hapa. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa akisafisha picha. Wengi wenu mlimjua kwa jina la utani. Mama Yenyewe.

Jina hilo alipewa na wateja wake, na wala hawakumwonea. Ukiingia dukani kwake na picha kwenye simu, ukasema unataka iwe kubwa ya kutundika ukutani, hakukuuliza unaitaka lini. Alikuuliza umeitoa wapi. Ukijibu kwamba umetumiwa na shangazi, naye shangazi alitumiwa na jirani, alikurudishia simu yako taratibu.

"Hii imepita mikono mingi," alisema. "Kila mkono umeinyofoa kidogo. Niletee ile yenyewe."

Ile yenyewe, yaani picha ya kwanza kabisa, iliyomo ndani ya simu au kamera iliyoipiga. Watu walinuna. Wengine waliondoka wakaenda kwingine, na baada ya siku mbili wakarudi na karatasi yenye nyuso kama sabuni iliyolowa. Mama Yenyewe hakuwacheka. Aliwavutia kiti.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja, katikati ya fundi cherehani na mchonga funguo. Kuta alizipaka kijivu, maana alisema ukuta wenye rangi unadanganya macho. Dirishani alitundika pazia zito, jua lisipige kioo cha kompyuta. Alivaa glavu nyeupe za pamba. Kabla ya kuchapa picha nzima alichapa kipande chembamba, upana wa vidole viwili, akatoka nacho mlangoni kukitazama kwenye mwanga wa mchana. Akarudi, akarekebisha rangi, akachapa kipande kingine. Fundi cherehani alikuwa akimtania kwamba yeye hushona suti nzima ya bwana harusi wakati jirani yake bado anapima pua ya mtu mmoja.

Sasa, ukaidi huo wote ulitoka wapi? Hapo ndipo simulizi letu linapoanzia.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Jumanne asubuhi, mume wake alitoka nyumbani kwenda kazini. Alikuwa fundi bomba. Alivaa shati jeupe, akakunja mikono hadi kwenye viwiko, akatupia mfuko wa vifaa begani. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kwa sababu ya mfuko ule. Alisema anakwenda kurekebisha bomba la mteja mtaa wa pili na atarudi kwa chakula cha mchana. Kwa mteja hakufika. Nyumbani hakurudi. Mtoto wao wa kike alikuwa na miaka miwili.

Picha ya mume huyo ilikuwa moja tu. Alijipiga mwenyewe kwa simu yake ya zamani, akamtumia mkewe. Ile iliyobaki kwa mke ilikuwa imebanwa ili ipite kwenye simu, ndogo kama ukucha. Ile yenyewe ilikuwa ndani ya simu ya mume. Na simu aliondoka nayo.

Mke aliipeleka ile ndogo dukani, wakaikuza, wakachapa matangazo ya kumtafuta. Uso ukatoka vipande vya miraba, kama vigae vya bafuni. Aliyabandika hivyo hivyo. Simu zikaanza kulia. Ameonekana sokoni, ameonekana stendi, ameonekana akiuza viatu. Alikimbilia kote, na kila mara alikuta mtu mwingine. Siku moja mama mmoja muuza mboga alilitazama tangazo kwa muda mrefu, kisha akamwambia kwa upole, "Dada yangu, huyu anaweza kuwa mtu yeyote."

Maneno hayo yalimwingia. Alirudi kwenye duka lililochapa yale matangazo, akaomba kazi. Alianza kwa kufagia na kukata karatasi. Akajifunza kwa nini picha moja inakubali kukuzwa na nyingine inakataa. Akajifunza karatasi inayong'aa na isiyong'aa, wino unaodumu na unaopauka. Baada ya miaka kadhaa akafungua chumba chake. Aliniambia mwenyewe, wakati fulani nilipompelekea picha ya mama yangu: watu walimtafuta mume wangu bila uso, sitaki mwingine apatwe na hilo.

Basi, wasikilizaji wapendwa, mambo yalianza kubadilika miaka sita iliyopita.

Ililetwa picha ya familia moja iliyokuwa ikimuaga babu yao kazini. Watu kumi bustanini, kamera nzuri, na picha ilikuwa ile yenyewe. Mama Yenyewe aliichapa kubwa, ukubwa wa dirisha. Ilipokauka akaikagua kwa lenzi kama kawaida yake. Nyuma kabisa, karibu na geti, alisimama mwanamume. Alikuwa amegeuza mgongo. Shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Bega la kushoto limeshuka.

Alirudi kwenye kompyuta. Pale getini palikuwa na kivuli tu. Akachapa tena. Mtu yupo. Akachapa ndogo, saizi ya kiganja. Hayupo. Mwenye picha alipokuja alimuuliza huyu ni nani. Yule bwana alikodoa macho, akasema labda jirani, akaiviringisha picha ndani ya bomba la karatasi, akaenda zake.

Miezi mitano baadaye ikaja picha ya wauguzi, imepigwa mji mwingine kabisa, kwenye korido ya hospitali. Mwisho wa korido, mtu yule yule. Bado mgongo, lakini sasa kichwa kimeanza kugeuka. Ikaja ya tatu, uwanja wa shule. Ya nne, ufunguzi wa kiwanda. Wateja tofauti, kamera tofauti. Kila picha amegeuka kidogo zaidi. Kwanza sikio. Kisha shavu. Mama Yenyewe aliomba ruhusa ya kubaki na nakala moja moja, akazilaza kwenye droo, katikati ya karatasi laini. Zilifika saba.

Alimwonyesha bintiye, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa. Binti alikataa. Alimwambia mama yake kwamba mashati meupe yamejaa duniani na macho yake yamechoka na lenzi. Mama akaacha kulizungumzia. Binti huyo ameniomba niseme ukweli wote, nami nausema. Picha ya tano aliigeuza kifudifudi kwa haraka, maana ilionyesha sikio, na ncha ya sikio hilo imejikunja. "Hata langu limejikunja hivyo hivyo," ameniambia. "Niliogopa. Ndiyo maana nilimbishia."

Wala si binti peke yake aliyeogopa. Mtu angedhani Mama Yenyewe alifurahi. Hapana. Mwaka huu alianza kukataa kazi kubwa. Alisema mashine mbovu, karatasi zimekwisha. Mashine ilikuwa nzima na karatasi zilijaa. Fundi cherehani alimbana siku moja aseme kinachomsumbua, naye akamwambia hivi: amebakiza kidogo tu kunigeukia, na sijui akinigeukia atataka nini.

Kisha akaja bibi harusi mmoja. Alitaka picha ya harusi yake iwe kubwa iwezekanavyo, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa mgonjwa, hakuweza kuhudhuria, na macho yake yalikuwa yanafifia. Alitaka mama amwone binti yake vizuri kabla macho hayajazima. Mama Yenyewe alianza na hadithi ya mashine mbovu, akaishia katikati. Ombi la namna hiyo hakuwa na moyo wa kulikataa. Akanyoosha mkono akapokea kadi ya kamera.

Ijumaa, saa nne asubuhi, alianza kuchapa. Kipande cha majaribio kilitoka vizuri. Akaweka karatasi kubwa. Mnajua mashine zile, wasikilizaji wapendwa. Picha haitoki yote kwa mkupuo. Inatoka kidogo kidogo, kuanzia juu. Likatoka paa la ukumbi. Ukatoka ukuta mweupe. Kisha, nyuma ya maharusi, upande wa kulia, zikatoka nywele za mtu. Mashine ikaenda na kurudi. Likatoka paji la uso. Mama Yenyewe angeweza kubonyeza kitufe akaizima. Hakubonyeza. Yakatoka macho.

Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuazima mkasi. Alimsikia jirani yake akisema polepole, kama anavyosema mke kwa mume aliyechelewa chakula.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Alimpigia binti simu, akamwambia njoo umwone baba yako. Binti akaja. Ndiyo mara yake ya kwanza tangu utotoni kuuona uso wa baba yake, kope kwa kope. Akamwita baba yake mkubwa, kaka wa yule aliyepotea, kwa sababu, ukimtoa mama, ndiye aliyebaki mwenye kuukumbuka uso ule vizuri. Mzee aliingia, akavua kofia, akainama juu ya meza bila kugusa. Kisha akaomba kiti.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Mimi nimeota mvi kichwa kizima. Mbona yeye hajazeeka?"

Kweli, hakuwa amezeeka. Alikuwa na umri ule ule aliotoka nao nyumbani Jumanne ile. Shati lile lile. Vumbi halikuwa limemgusa.

Binti alitaka waifunge picha wakaifiche. Mama yake akakataa. Alisema wino haujakauka, na picha isiyokauka haiguswi. Akawaambia wote waende nyumbani, yeye atafungua duka kesho kama kawaida. Binti anasema mama yake alionekana mtulivu kuliko alivyowahi kumwona, na utulivu ule ndio uliomnyima raha.

Jumamosi alasiri, fundi cherehani alipita kumsalimia. Alimkuta ameketi kwenye kiti chake, glavu mikononi, ameielekea meza ya kukaushia. Alidhani anasubiri picha. Alimwita mara mbili. Daktari alisema moyo ulisimama, bila maumivu. Alikuwa na miaka hamsini.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Baada ya mazishi binti alifungua duka ili amtimizie yule bibi harusi ahadi. Alitumia kompyuta ile ile, wino ule ule, karatasi kutoka pakiti ile ile. Alifuata kila alichofundishwa na mama yake. Picha ikatoka safi. Nyuma ya maharusi palikuwa na ukuta mweupe. Mtu hayupo. Akachapa mara ya pili na ya tatu. Hayupo. Akatafuta zile saba za zamani kwenye kompyuta, akazichapa zote, siku nzima. Geti lipo, korido ipo, nyasi za uwanjani zipo. Yeye tu ndiye hayupo.

Lakini kwenye zile zilizochapwa na mama yake, anaonekana hadi leo.

Bibi harusi alichukua picha yake, na mama yake mgonjwa ameiona. Ile ya Ijumaa imebaki na familia. Juzi nilikaribishwa nyumbani kwao, nikaonyeshwa. Mimi ni mtu wa redio, kazi yangu ni kusikia kuliko kuona, lakini nawaambia nilichokiona. Uso unaonekana wazi kabisa. Binti alisimama pembeni yangu akaniambia kitu ambacho bado kinanizunguka kichwani. Anasema Ijumaa ile baba yake alikuwa akitazama mbele, moja kwa moja. Baba mkubwa naye anasema hivyo hivyo. Kwenye picha niliyoiona mimi, mwanamume yule anatazama kando, nje ya karatasi, na midomo imefunguka kidogo, kama mtu aliyemwona anayemfahamu akija.

Kwa niaba ya wenzangu wote hapa studioni, natoa pole kwa binti, kwa baba mkubwa, kwa fundi cherehani na mchonga funguo waliompoteza jirani, na kwa kila aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya picha iliyobanwa. Mungu ampe mapumziko mema. Nasi tujiulize, katika maelfu ya picha tulizozijaza kwenye simu zetu, ni ngapi zitakazomwonyesha mtu wetu vizuri siku tutakapomhitaji. Itafuteni ile mnayoipenda, muichape vizuri, mtu wenu angali nanyi.

Na familia ina ombi moja, nimeahidi kulifikisha. Wengi wenu mna picha kubwa kutoka duka lile, zimetundikwa sebuleni miaka na miaka. Leo zisogeleeni. Acheni nyuso za mbele mnazozijua, tazameni nyuma, kwenye kona na milango. Mkimkuta mwanamume mwenye shati jeupe, bega la kushoto limeshuka, msiichane na msiirudishe. Binti yake hataki kuichukua. Angependa tu mumpigie simu, mumwambie kama baba yake yuko peke yake au yuko na mtu.