Dumu la Nne

Sogeeni, wanangu, leteni mkeka hapa ubavuni mwangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na haya sitaki myasikie nusu nusu. Mwajabu, mke wangu, nawe kaa papo hapo kichwani pangu, usiende jikoni, kwa kuwa limo humu jambo ambalo miaka yote tuliyoishi pamoja hukuniuliza nami sikukwambia.

Mali kwanza, pumzi isije ikanikatikia njiani. Mama yenu asitolewe katika nyumba hii maadamu yu hai. Shamba la mpunga la visiwani mwiteni shehe aligawe kama sheria ya Mungu inavyogawa, wala asitokee mtu akasema baba aliniahidi, kwa maana sikumwahidi mtu. Mikorosho ya Dimani msiiguse. Hiyo nina neno nayo, na neno lenyewe ni refu.

Mnajua nilikuwa nahodha wa boti ya wagonjwa ya lile shirika lililoendesha zahanati yetu, nikiwatoa watu visiwani hadi Nyamisati kwenye gari la hospitali. Mnajua nilifukuzwa kwa wizi wa petroli, nikakata rufaa, nikashinda. Hadithi hiyo mmeisimulia hata kwa wakwe zenu. Leo nawapa kipande kilichobaki.

Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja, Mudrick, kijana mwenye mkono mwepesi kwa wagonjwa, ila alikuwa na mke wa pili Ikwiriri na siku nyingi hakuwapo kituoni. Mgonjwa akija, mimi nawasha injini naondoka naye. Nikirudi nikitaka kuijaza safari daftarini, Mudrick naye akirejea hunisihi. "Usiandike, mzee wangu," huniambia, "ukiandika bila sahihi yangu watajua sikuwapo. Nitazijaza mwenyewe mwisho wa mwezi." Nikamwonea huruma, nikaliacha daftari jeupe. Mwisho wa mwezi ukafika, akasahau au hakutaka, Mungu ndiye ajuaye, na mkaguzi akaja akakuta madumu manne ya petroli yametoka stoo na daftari halina safari hata moja.

Mtunza stoo alikuwa Shaabani. Yeye ndiye aliyeandika kwamba madumu yale niliyachukua mimi kwa mkono wangu, na hakuandika uongo. Mudrick alipoulizwa akasema hajui safari yoyote. Nikaitwa ofisini Kibiti asubuhi, adhuhuri nikatoka na barua ya kufukuzwa. Mama yenu akaacha kwenda bombani kwa maneno ya watu. Wewe, Abubakary, kifungua mimba wangu, ulipigana sokoni na aliyekuita mwana wa mwizi wa wagonjwa, ukarudi na jino lako kiganjani.

Barua ilinipa siku tano za kukata rufaa. Warda, ulikuwa kidato cha tatu, ukachana karatasi katikati ya daftari lako, mimi nasema wewe unaandika, ukafuta, ukaandika tena, kisha ukaniambia, "Baba, kulalamika hakutoshi, tuwatafute uliowabeba." Maneno yako yakanipa miguu. Rufaa ikapokelewa, nikapangiwa siku, nami nikazunguka visiwani kwa mtumbwi wa kuazima, maji yakijaa napita, yakipwa nakwama kwenye tope. Bibi mmoja niliyemchukua alikuwa amekwisha kufa, mwanawe akakubali kuja kwa niaba yake. Mvuvi aliyejikata mguu kwa panga akaja na kovu lake. Na Zawadi nikamkuta Dimani kwa mama yake, yule niliyemchukua mchana wa jua kali akiwa na uchungu, maji yakatukimbia katikati ya mikoko, boti ikakaa juu ya tope, akajifungua humo humo, mkwewe akimpokea mtoto nami nimegeuza uso nimewashikia mwavuli. Nilipomweleza shida yangu hakuuliza hata nauli. Alimfunga mtoto mgongoni akaja.

Mbele ya kamati watu wangu wakasema siku na saa, mmoja baada ya mwingine, na Zawadi alipomaliza, mama aliyekuwa mwenyekiti alivua miwani akaifuta. Mudrick akainama, akakiri yote. Ndipo yule mama akanigeukia, akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo, mzee Tamimu, madumu yote manne yalikwenda kwa wagonjwa?"

Wanangu, matatu yalikwenda kwa wagonjwa. La nne nililichukua mimi.

Mto ulikuwa unapanda, mpunga wetu umekatwa umelundikwa shambani, na boti ya kukodi haikupatikana. Nikaazima boti ya rafiki yangu, nikaitilia petroli ya wagonjwa, nikaokoa mpunga wangu. Nilisema moyoni nitalirudisha dumu lile, na kila juma nikaliahirisha hadi mkaguzi akanikuta. Mchele mlioula mwaka ule ulikuja hivyo. Usilie, Warda, wewe hukujua.

Shaabani alijua. Alikuwa gatini siku niliposhusha magunia, akaliona dumu lenye alama ya shirika miguuni pangu, akanisalimu akapita. Na katika chumba kile cha rufaa aliketi hatua mbili kutoka nilipokuwa, ananitazama. Nami nikamjibu mwenyekiti, "Ndiyo, mama, yote manne."

Shaabani hakufungua mdomo. Nikarudishiwa kazi na jina langu, mkanipokea kwa vigelegele. Yeye akaandikiwa kwamba amemchafua mwenzake bila kuchunguza, akaachishwa kazi. Nilimfuata nje nikamwuliza kwa nini amenyamaza. Hakunijibu kwa hasira. Alisema, "Ningelitaja la nne, wasingemwamini hata Zawadi na mtoto wake." Kisha akaenda kwao Mohoro kulima.

Ninyi mkamfanya adui. Alipofiwa na mama yake hamkwenda kuzika, nami nilikuwa hapa nyumbani, nikanywa chai yangu, nikanyamaza. Kila Idi alileta salamu, nanyi mkazikataa. Chuki ile mliilea kwa kunipenda, lakini mbegu niliipanda mimi. Wahenga walisema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Mimi ndiye mtenda, na sijasahau hata siku moja. Walisema tena aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hii yangu mwosha hataiona, haimo mwilini, ndiyo maana naitoa kwa mdomo.

Basi shikeni. Sheria inaniruhusu kutoa hadi theluthi ya mali yangu kwa asiye mrithi. Mikorosho ya Dimani haifiki theluthi. Yote ni ya Shaabani. Simpi kwa kununua msamaha, kazi niliyomkosesha hailipwi kwa mikorosho. Nampa kwa kuwa ninacho, na yeye kwa ajili yangu amekosa. Asiyeridhika aseme sasa nikiwa namwona.

Mnaitikia kwa vichwa. Mungu awalipe.

Shirika lile limekwisha kufunga na kuondoka, lakini boti ya zahanati ingalipo. Nunueni dumu moja la petroli, mlipeleke. Wakiuliza ni la nini, waambieni ni la marehemu Tamimu, alichelewa.

Na siku ya kunizika, kabla hamjaniswalia, itaulizwa nani anamdai marehemu. Abubakary, usingoje mtu ajitokeze. Simama wewe. Sema kwa sauti, mbele ya wale wale walionishangilia, kwamba Shaabani hakusema uongo, aliyesema uongo ni baba yangu. Najua itakuuma, mwanangu. Ulitoa jino kwa ajili ya jina hili. Sema hivyo hivyo.

Nilimpigia Shaabani simu leo asubuhi. Nikamtajia jina langu. Naye akaniuliza, "Unaumwa wapi, ndugu yangu?" Wallahi nililia tu. Akasema anakuja... Sasa atakuwa amekwisha kuvuka daraja la Ndundu.

Niinueni kidogo. Mwajabu, maji... yatosha.

Msigombane. Mama yenu msimwache peke yake jioni. Radhi yangu mnayo, wote, aliyenikosea na asiyenikosea, Mungu awape riziki msiyoionea haya... awape ulimi mwepesi kuliko wangu. Nisomeeni Yasini, polepole. Abubakary, huo mlango... uache wazi. Akifika apite moja kwa moja. Asibishe hodi.